Ufundi wa Kudai kwa Kipimo

Agosti 1958, katika mahakama ya Dar es Salaam, Julius Nyerere aliambiwa achague: alipe shilingi 3,000 au akae gerezani miezi sita. Kosa lake lilikuwa kuandika. Katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama kilichochapwa kwa mashine ya kurudufu, alidai kwamba maofisa fulani wa serikali wilayani walikuwa wakiigeuza sheria fimbo ya kukipigia chama chake. Serikali ikamshitaki kwa kashfa. Wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea, watu wakafurika nje ya mahakama, na hukumu iliposomwa, aliyezifahamu siasa za Afrika za miaka ile angeweza kuapa kwamba mshitakiwa ataisukuma faini kando na kunyoosha mikono atiwe pingu.

Gereza lilikuwa na thamani kubwa wakati huo. Kwame Nkrumah alitolewa kifungoni mwaka 1951 akaenda moja kwa moja kuongoza serikali. Jomo Kenyatta alikuwa amefungiwa Lokitaung, na kadiri Waingereza walivyozidi kumficha ndivyo jina lake lilivyozidi kuvuma. Miezi sita kwa heshima ya namna hiyo ilikuwa bei ya kutupa. Nyerere alilipa faini, akarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa uchaguzi. Kura za kwanza katika historia ya Tanganyika zilikuwa zimebakiza wiki chache, na chama kilikuwa kinamhitaji mtu wa kuzunguka mikoani, si picha ya kubandika ukutani. Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, alikuwa ndiyo kwanza amewasili mwezi uliotangulia akitokea Kenya, ambako alikuwa Katibu Mkuu wa serikali katika miaka ya Mau Mau. Alijua vizuri serikali hupata nini inapomfunga mtu anayependwa. Kwa hiyo mahakamani siku ile palikuwa na pande mbili zisizotaka kifungo, na kila upande ulikuwa na sababu zake. Mimi husimama hapa kila ninaposoma habari za Uhuru wa Tanganyika, kwa sababu hapa ufundi unaonekana wazi: mtu ameshika silaha ambayo wenzake wote wanaisifu, anaipima uzito, anaiweka chini.

Tumezoea kusimulia Uhuru ule kwa namna mbili, na zote mbili zinaudhulumu. Ya kwanza ni ya sherehe: taifa moja, lugha moja, kiongozi mmoja, hakuna damu iliyomwagika, kana kwamba amani ilidondoka kama mvua. Ya pili ni ya kejeli: Waingereza walikwisha choka, nchi haikuwa na walowezi wengi, mngepewa tu hata mngelala. Kejeli hiyo ina ukweli ndani yake. Wazungu nchini walikuwa elfu ishirini na kitu katikati ya Waafrika karibu milioni tisa, na hawakuwa na nguvu walizokuwa nazo ndugu zao wa Nairobi. Lakini mlango usiokazwa bado unahitaji mtu anayejua usukumwe wakati gani na kwa nguvu kiasi gani. Ukisukumwa kwa pupa huvunjika, na wanaolala ndani huamka wakiwa na bunduki.

Ufundi huo ulianzia kwenye karatasi. Tanganyika kisheria haikuwa koloni kama Kenya. Ilitwaliwa kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikakabidhiwa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na tangu 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Uingereza ilikuwa imetia saini kwamba itaiongoza nchi hiyo kuelekea kujitawala. Kila miaka mitatu ujumbe ulitoka New York kuja kukagua: 1948, 1951, 1954, na kuendelea. Mwananchi yeyote aliruhusiwa kuandika malalamiko yakafika kwenye Baraza la Udhamini. Kwa miaka kadhaa haki hiyo ilikaa kama chombo kilichofungiwa kabatini.

Waliokitoa kabatini walikuwa Wameru. Mwishoni mwa 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya watu kutoka Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili ardhi ile igawanywe mashamba ya Wazungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Badala ya kushika mikuki, Wameru walichanga fedha, wakamtafuta wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet New York. Ardhi hawakurudishiwa. Azimio la kuwaunga mkono halikupata kura za kutosha. Kwa hesabu ya shamba walishindwa. Kwa hesabu ya ufundi waliwaonyesha wenzao njia ilipo. Kirilo aliporudi alizunguka miji ya Tanganyika akieleza alichokiona kule: kwamba Mwingereza, mbele ya meza ile, anaulizwa maswali na analazimika kujibu.

Kumbuka kwamba wakati huo chama cha siasa hakikuwapo. Kilichokuwapo ni TAA, chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho zaidi kilikuwa mahali pa makarani na walimu kukutania, kunywa chai na kuandikia serikali barua za adabu. Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyerudi kutoka Edinburgh, alichaguliwa rais wake mwaka 1953. Tarehe 7 Julai 1954, katika ofisi ya TAA mtaa wa New Street ambao leo ni Lumumba, watu kumi na saba waliigeuza TAA kuwa TANU. Watoto wa shule huimbishwa tarehe hiyo kila mwaka. Nadra waelezwe kwa nini ilikuwa Julai ile: ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa 1954 ulikuwa unakuja, na ulipaswa kukuta chama chenye katiba, chenye madai yaliyoandikwa, kinachoweza kuitwa kikajibu kwa jina la nchi.

Ujumbe ule uliandika jambo lililoiudhi London: kwamba Tanganyika inaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Uingereza haikutaka kusikia tarehe ya aina yoyote. Nyerere alikwenda New York kulizungumzia, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini tarehe 7 Machi 1955. Ukiisoma hotuba ile leo utashangaa jinsi ilivyo na upole. Hakudai Uhuru wa kesho. Alichoomba hasa ni tamko: Uingereza na Umoja wa Mataifa waseme wazi kwamba nchi hii, hata kama ina watu wa rangi nyingine, itakuja kutawaliwa kama nchi ambayo wenyeji wake wengi ni Waafrika. Basi. Mwenye papara angesema ni dai la mtoto.

Lakini litazame vizuri dai hilo. Kulikubali kungemaanisha kuitupa sera nzima ya Gavana Edward Twining, aliyekuwa akijenga serikali ya rangi tatu zenye viti sawasawa, kana kwamba Wazungu elfu ishirini na kitu, Waasia chini ya laki moja na Waafrika mamilioni ni vikundi vitatu vya ukubwa mmoja. Kulikataa kungemlazimisha mjumbe wa Uingereza asimame mbele ya dunia aeleze kwa nini nchi ya Waafrika isiwe ya Waafrika. Hakuna jibu zuri upande wowote. Huo ndio ukubwa sahihi wa dai: dogo kiasi kwamba anayelikataa anaonekana mkorofi, na zito kiasi kwamba anayelikubali ametoa zaidi ya alivyodhani. Nyerere aliporejea alijiuzulu ualimu, maana shule haikuweza tena kukaa pamoja na kazi hiyo.

Hapo sasa ndipo tunapolazimika kutoka New York twende Kariakoo. Dai lililopimwa vizuri halina maana kama nyuma yake hakuna watu, na wakati Nyerere anazungumza na mabalozi, chama chake kilikuwa na watu wachache wa mjini, wengi wao wanaume, wengi wao watumishi wa serikali waliokatazwa kushiriki siasa. Mwaka huo wa 1955 John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha Uingereza, alitembelea Dar es Salaam akauliza wanawake wa chama wako wapi. Hawakuwapo. Viongozi wakaona haya, wakaanza kutafuta, na waliyempata alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mjini wa miaka ishirini na tisa hivi, mwimbaji wa ngoma.

Naona tumemsifu Bibi Titi kwa sauti yake kuliko kwa akili yake ya kuunda mambo. Sauti alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini alichokifanya kwanza ni kazi ya kimyakimya: alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, akawaomba wakusanye watu wao. Vikundi vile vilikuwa tayari na kila kitu ambacho chama kinahitaji na ambacho hakiwezi kununuliwa. Vilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, sare, desturi ya kuchanga, desturi ya kushindana na kundi la mtaa wa pili, na mtandao wa jamaa na mashoga unaofika Bagamoyo, Kilwa na Tanga. Wanachama wake walitoka makabila mbalimbali na walizungumza Kiswahili. Katibu wa kiume angetumia mwaka mzima kutafuta kitu cha namna hiyo nchini. Bibi Titi aliingia humo kwa salamu na hodi. Katika miezi michache wanawake walioandikishwa walihesabiwa kwa maelfu.

Wanawake wale hawakuwa na kazi ya serikali ya kuogopea. Karani akionekana na kadi ya TANU aliweza kufukuzwa. Mama wa maandazi nani atamfukuza? Wakauza kadi sokoni, msibani, kwenye harusi. Wakatunza daftari na fedha. Wakawapokea wageni wa chama na kuwalisha. Nyerere alipopigwa marufuku kuhutubia hadharani mwaka 1957, mikutano ilikuwa na wasemaji wengine, na Bibi Titi alikuwa wa kwanza miongoni mwao. Yaliyompata mwanamke huyo baada ya Uhuru, mpaka akafikishwa mahakamani kwa uhaini, yanahitaji makala yake, na yasomwe na kila anayedhani chama hukumbuka wadai wake.

Pwani chama kilikuwa na wazee wake, mashekhe na watu wenye mali kama Mzee John Rupia waliofungua mifuko wakati hazina ilipokauka. Usukumani hali ilikuwa nyingine. Huko serikali ilikataa kuruhusu matawi ya TANU tangu mwishoni mwa 1954, na marufuku ile ilidumu mpaka 1958. Lakini vyama vya ushirika vya pamba havikupigwa marufuku. Muungano wao wa Mwanza, uliojengwa na kina Paul Bomani, ulikuwa unanunua pamba ya wakulima, unapima, unalipa, unafanya mikutano, unachagua viongozi. Mkulima aliyekuwa amejifunza kumwuliza karani wa mizani hesabu yake hakuhitaji kufundishwa upya namna ya kumwuliza gavana. Marufuku ilipoondolewa, chama hakikuanza na ardhi tupu.

Halafu ikaja Tabora.

Serikali ilikuwa imeandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu uliopikwa kwa uangalifu mkubwa. Nchi iligawanywa majimbo kumi, kila jimbo viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Kila mpigakura alitakiwa apige kura tatu, moja kwa kila rangi. Akiacha moja, karatasi yake imeharibika. Na mpigakura mwenyewe ilibidi awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe na cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa kawaida hakuwamo kabisa. Ilikuwa sheria ya kutukana, na ilikusudiwa kukisaidia chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Twining ili kisimame kati ya TANU na nchi.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora wakiwa na hasira ya haki. Wengi walikuja wakiwa wamekwisha amua: tususie. Kuingia katika kura tatu ni kuukubali ubaguzi, ni kumwambia mwanachama ambaye hana darasa nane wala shilingi 3,000 kwamba chama chake kitakwenda bungeni bila yeye. Hoja hizo zilikuwa nzito, na waliozisema hawakuwa wapumbavu. Nadhani mimi mwenyewe, ningekuwa nimeketi ukumbini, ningepiga makofi kwa wasusiaji.

Nyerere alikuwa mchezaji wa bao. Katika bao, kama mtaji upo huwezi kukataa kula. Lakini uanze na shimo lipi na uelekee upande gani ni hiari yako, na hapo ndipo fundi anapotofautiana na msukuma kete. Fundi huwa amekwisha jua kete ya mwisho italala wapi kabla hajainua ya kwanza. Ukisusia, alihesabu Nyerere, viti vyote thelathini vinakwenda UTP bila jasho. Gavana anapata baraza lililochaguliwa, anaiambia New York kwamba wananchi wamesema. Hasira ya mitaani inageuka fujo, fujo inageuka sababu ya kukifungia chama, na baada ya hapo unaanza upya kutoka gerezani. Ukiingia, unameza aibu. Lakini sasa hesabu mzunguko wa pili. Katika majimbo mengi waliojiandikisha walikuwa Waafrika kwa wingi. Na kwa kuwa kila mpigakura analazimika kumchagua Mwasia na Mzungu, basi Mwasia na Mzungu watakaoingia ni wale watakaopendwa na Waafrika. Sheria iliyotungwa ili rangi zile mbili ziizuie TANU ilikuwa inampa mwanachama wa TANU mamlaka ya kuchagua nani awakilishe rangi hizo.

Hapo nikiri kwamba napata raha ile ile anayoipata mtu akitazama kufuli likifunguka kwa ufunguo uliotengenezwa na mwenye kufuli. Kura zilipigwa ukumbini: 37 wakakubali kuingia, 23 wakakataa. Hazikuwa kura za kishindo, na fundi aliyeshinda alijua. Uamuzi uliambatanishwa na sharti: kama serikali ya madaraka haitapatikana mwaka 1959, chama kitachukua hatua nyingine. Wasusiaji walirudi nyumbani wakiwa wamepewa tarehe. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alitoka akaanzisha chama chake, ANC, kwa madai kwamba TANU imelegea. Watu wa Tabora mpaka leo wanauita uamuzi ule wa busara, na ukumbusho wake upo.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU iliwatafuta Waasia na Wazungu waliokuwa tayari kusimama pamoja nayo, jambo ambalo lilihitaji ujasiri wa pande zote. Akina Sophia Mustafa kule kaskazini, Amir Jamal, Derek Bryceson, Lady Chesham: watu ambao jamii zao wenyewe ziliwatazama kwa jicho la pembeni. Wagombea walioungwa mkono na TANU walizoa viti karibu vyote. UTP, iliyokuwa na fedha, magari na upendeleo wa Ikulu, iliyeyuka. Mtemvu hakuambulia kiti. Na jambo moja ambalo halizungumzwi sana: ushindi ule uliua hofu ambayo ingeweza kuua Uhuru, kwa sababu baraza sasa lilikuwa na Wazungu na Wahindi wakisimama kudai serikali ya Waafrika. London ilikuwa imezoea kujibu kwamba inawalinda walio wachache. Wachache wenyewe walikuwa wamekaa benchi la Nyerere.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi, na mimi pia nitakwenda kasi, maana sehemu ngumu ilikuwa imepita. TANU ilidai mawaziri walio wengi. Turnbull akatoa watano kati ya kumi na wawili, kuanzia Julai 1959. Palikuwa na mashaka na manung'uniko, na hapo tena chama kikapokea kilichotolewa huku kikiendelea kudai kilichobaki. Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Jamal na Bryceson wakaingia. Nyerere akabaki nje, akidai. Ukitaka kudai vizuri usikae kwenye kiti unachokidai. Desemba mwaka huo Turnbull akatangaza kwamba uchaguzi ujao utaleta serikali ya madaraka. Sharti la kupiga kura lililegezwa: anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au mwenye kipato cha nusu ya kile cha zamani, aliruhusiwa. Walioandikishwa wakafika karibu laki tisa. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na vingi vya hivyo, 58, havikuwa hata na mpinzani wa kushindana naye. Kiti kile kimoja kilichosalia kilichukuliwa Mbulu na mwanachama wa TANU aliyegombea kivyake baada ya chama kumpitisha mwingine. Serikali nyingi duniani zingelipa fedha nyingi kupata upinzani wa namna hiyo.

Turnbull anastahili mistari kadhaa, kwa sababu kazi hii isingekamilika bila fundi wa upande wa pili. Alitoka Kenya akiwa na sifa ya ukali, na watu walitegemea mjeledi. Lakini mtu aliyeiona Mau Mau kwa macho alikuwa amejifunza hesabu. Aliwaandikia wakubwa wake London kwamba machafuko yakitokea Tanganyika yatakuwa Maji Maji na Mau Mau kwa pamoja, na kwamba hana polisi wa kuyazima. Nyerere hakuwahi kulazimika kutishia hivyo kwa sauti. Nidhamu ya mikutano yake, maelfu ya watu waliokuja wakasikiliza wakarudi nyumbani kwa utulivu, ilikuwa inamwonyesha gavana nguvu ambayo siku ikiamriwa vingine hakuna wa kuizuia. Wawili hao walizungumza mara nyingi, na kila mmoja alimsaidia mwenzake kuwatuliza watu wa nyuma yake: mmoja wenye haraka wa TANU, mwingine wenye kusitasita wa London.

Oktoba 1959 Nyerere alizungumza barazani habari ya kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro, na maneno yale yamekaririwa mno kiasi kwamba tumesahau yalisemwa wapi: ndani ya chombo cha mkoloni, na mtu aliyechaguliwa kwa kura tatu.

Mkutano wa katiba ulifanyika Machi 1961, katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam kwenyewe. Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, ndiye aliyesafiri. Wakenya walilazimika kwenda Lancaster House London mara tatu, mwaka 1960, 1962 na 1963, kila mara wiki na wiki za mabishano. Karimjee mambo yalimalizika kwa siku chache, kwa sababu yaliyokuwa ya kubishaniwa yalikwisha bishaniwa Tabora na kwenye majimbo kumi. Mei mosi 1961 Nyerere akawa Waziri Mkuu wa serikali ya ndani. Uhuru ulipangwa uwe 28 Desemba, halafu ukawahishwa hadi tarehe 9. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro akiwa na bendera na mwenge. Kutoka New York mpaka kileleni ilikuwa imepita miaka sita na miezi tisa. Ujumbe wa 1954 ulikuwa umetabiri miaka ishirini au zaidi, na Uingereza ilikuwa imeona hata hiyo ni haraka.

Kipimo kile kile Nyerere alikitumia kwa watu wake. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya sherehe, wabunge wa TANU walitaka uraia ufuate rangi. Walikuwa wengi na walikuwa wakishangiliwa. Nyerere alisema serikali yake itajiuzulu kama bunge litapitisha jambo hilo. Sheria ya uraia ikapita bila rangi. Na Januari 1962, majuma sita tu baada ya kuupata Uhuru, alimwachia Rashidi Kawawa Uwaziri Mkuu, akarudi kwenye chama, akaanza tena kuzunguka wilayani kama alivyozunguka 1956.

Sitaki kuifanya kazi hii kuwa safi kuliko ilivyokuwa. Ufundi wa kupima dai ulinolewa na mtu wa kukataa: Twining akikataa, Turnbull akitoa nusu, London ikichelewesha. Kila kukataa kuliwalazimisha wafikirie upya waombe nini, kwa maneno gani, na nani asimame kuomba. Bendera ilipopanda, mkataaji aliondoka. Septemba 1962 bunge lile lile la viti 70 kati ya 71 lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na hapakuwa na Tabora ya kuibishania sheria hiyo. Novemba mwaka huo nchi ilimchagua rais wake wa kwanza. Zuberi Mtemvu, yule aliyetoka Tabora akisema hapana, alisimama peke yake dhidi ya Nyerere. Alipata kura 21,276. Nyerere alipata 1,127,978. Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU ikaamua kwamba Tanganyika iwe nchi ya chama kimoja.